Kinywa cha Sheikh Miqdadi

*Huduma yenye uchaji, haibagui kiungo,*
*Mola ndiye Mjuaji, wa ukweli na urongo.*

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Yemeni aliishi Sheikh Miqdadi, msomaji wa Qur'ani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Uzeeni mkono wake wa kulia ulipooza, asiweze tena kushika mswaki. Mwanawe, Ubada, alimhudumia kwa mapenzi: akimbeba mgongoni hadi msikitini, akimwosha miguu, akizichana ndevu zake na kuzifukiza udi. Ila maji ya kusukutua aliyapitisha midomoni tu.

Kisha Sheikh akaacha kusoma, na chakula akawa anakirudisha. Watu wakasema, "Hiyo ni zuhudi. Ulimi wake nao umefunga." Wakaja kutafuta baraka kwa walii aliyenyamaza, naye Ubada akawapokea kwa fahari, akiongeza udi chetezoni.

Ndipo akaja dada yake mkubwa, Rumaisa, aliyeolewa mji wa mbali. Aliinama kumbusu baba yao, akainuka uso umembadilika.

"Ubada, baba anapigishwa mswaki na nani?"

"Dada, kinywa kilichohifadhi Qur'ani! Mimi ni nani nikitie kidole?"

"Tumbo lake unalifuta, miguu unaiosha. Heshima yako inaishia kidevuni? Sema kweli, mdogo wangu. Anayesikia si mimi peke yangu."

Ubada akawatazama wageni waliojaa barazani. Angenyamaza, wangeendelea kumsifu.

"Si heshima, dada," akasema, nao wote wakasikia. "Naona kinyaa."

Akaleta maji ya vuguvugu yenye chumvi, akaviringisha kitambaa laini kidoleni. Alikuta jino lililovunjika likimchoma mzee ulimi, na fizi zimetunga usaha. Sheikh alimng'ata kwa maumivu. Ubada hakuutoa mkono. Tabibu akaling'oa jino, na kazi ile ikawa ya kila asubuhi na kila jioni, mpaka Sheikh akanena:

"Mwanangu, sikuwa nimefunga. Nilikuwa na njaa. Na niliona haya kumtaja Mola wangu kwa kinywa kile."

Sisi tunaowalea wazee wetu, tujiulize ni lipi tunalolikwepa na kuliita kwa jina zuri.

Ijumaa iliyofuata, baada ya kusafishwa kinywa, Sheikh Miqdadi alianza kusoma, taratibu. Baraza nzima ikaketi kusikiliza. Aliyebaki amesimama ni Ubada, bakuli mkononi.