Uji wa Mzee Chitemo

"Uji wa mgonjwa ni vikombe viwili." Mmeusikia msemo huu leo wodini, na mmoja wenu akataka kujua ni mililita ngapi. Haya, wataalamu wangu wa lishe, wekeni mizani chini. Methali hii ilianza hivi.

Enzi zetu chuoni palikuwa na mwanafunzi wa lishe aitwaye Sekunda, mtoto wa Rombo, mpole hadi ukasahau kuwa yupo. Mwaka wa tatu alipelekwa hospitali kwa mafunzo, akakabidhiwa Mzee Chitemo, mkulima mwenye kidonda mguuni. Daktari alisema wazi: asipokula, kidonda hakitapona na mguu utakatwa.

Sekunda akafanya alivyofundishwa. Alipika uji wa ulezi, akakokotoa protini na nishati, akauweka kando ya kitanda na kuondoka. Baadaye alirudi kupima uliobaki. Ulibaki wote. Kesho yake akaongeza maziwa, ukabaki. Akaongeza karanga, akapiga hesabu upya. Uji ukarudi ulivyokwenda, na kidonda kikazidi kunuka.

Mwisho akauliza, "Babu, uji wangu una kasoro gani?"

"Sijui, mjukuu wangu. Sijauonja."

"Kwa nini?"

"Kwetu anayeleta chakula huonja kwanza, kisha hukaa mkala pamoja. Kinachowekwa chini mtu akaenda zake ni cha mbwa. Au cha mtu mliyekwisha kumkatia tamaa."

"Sijakukatia tamaa, babu. Ila haturuhusiwi kula chakula cha mgonjwa."

"Basi njoo na chako."

Akaja na kikombe chake cha uji. Akanywa funda moja, na mzee naye akanyanyua cha kwake. Walikunywa taratibu. Walipomaliza, mzee akaitazama mikono ya binti, ilivyokonda.

"Na wewe, mjukuu wangu, ukila nani hukaa nawe?"

Tangu aanze chuo Sekunda alikula peke yake chumbani, amesimama dirishani, mlo kamili wa makundi yote ya vyakula, na bado magauni yalimpwaya. Upweke ulikuwa unamla, naye hakuwa amemwambia mtu.

Wakawa wanakunywa pamoja kila siku, na mguu ukapona. Siku moja Sekunda alifika na vikombe viwili mkononi akakuta kitanda kimetandikwa upya. Mzee alikwisharuhusiwa kwenda kwao. Alirudi bwenini akilia. Jioni ile akapika uji, akasimama kwenye korido asijue agonge mlango gani, maana hakulijua jina la jirani hata mmoja. Mwishowe akagonga ule wa karibu.

"Nimepika uji, umezidi," akasema. Haukuwa umezidi.

Mlango ule niliufungua mimi, nami tangu nihamie pale hakuna aliyewahi kunipigia hodi. Sekunda akaonja kwanza, kisha akanipa kikombe changu, tukaketi sakafuni. Mgonjwa si lazima awe amelala kitandani, wanangu. Uji wa mgonjwa ni vikombe viwili.