Kifaru Alipokaa Mahali pa Magunia

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa kule nyuma mmeitika kama wagonjwa. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa tumo.

Hapo zamani za kale mto ulifurika. Ulifurika wanyama wakiwa malishoni, na mtoto wa Digidigi akabaki peke yake kwenye kisiwa kidogo katikati ya maji. Mama yake alikuwa ukingoni. Mama alimwona mtoto, mtoto akamwona mama. Maji yalikuwa yanapanda.

Mashua ilikuwa moja tu, ya Nungunungu, chini bapa kama sinia. Nungunungu alisema mashua ya namna hiyo ikienda tupu mkondo huipeperusha. Inataka kitu kizito ndani. Kitu kizito kilikuwepo. Kilikuwa Kifaru, mkuu wa nchi ile, na alikuwa tayari kwenda, maana roho yake haikuwa mbaya. Lakini mila yao ilisema mkubwa hukaa mbele. Kwa nini? Msiniulize mimi. Kifaru akaenda akakaa mbele kabisa.

Pua ya mashua ikazama, chubwi! Nyuma ikainuka. Nyani wawili waliokaa nyuma na makasia wakapiga hewa. Waliipiga kwa bidii sana. Maji yakaingia, bwa, bwa, wakarudi ukingoni kuyachota na kuyamwaga. Kule kisiwani maji yalimfika mtoto magotini.

Nungunungu akamweleza Kifaru, kwa adabu zote, kwamba pua imelemewa. Kifaru akasusa. Akasema kama hafai kuwa wa kwanza, basi atakuwa wa mwisho, akaenda kukaa nyuma kabisa. Sasa nyuma ikazama, pua ikatazama mawingu. Mashua ikazunguka, ikazunguka, ikarudi palepale. Nyani mmoja akasema leo wamesafiri sana.

Maji yakamfika mtoto tumboni. Hakulia. Digidigi alipoona halii, moyo ulimpasuka. Akamwendea Kifaru, yeye ambaye hajawahi kufungua kinywa mbele ya mkuu.

"Mzee," akasema, "kaa katikati. Nyuma kidogo tu ya katikati."

"Hapo huwekwa magunia," akasema Kifaru.

"Najua, Mzee. Leo nakuomba uwe gunia."

Wote wakatazama chini, hata Nyani. Kifaru akatazama kisiwa. Kisiwa hakikuwepo tena, palibaki shingo na masikio mawili. Akajikokota hadi mahali pa magunia, akakunja miguu, akakaa.

Mashua ikatulia. Pua ikainuka kidogo, si sana. Makasia yakashika maji, shwaa! Ikateleza juu ya mkondo, ikateleza, ikateleza, wakamnyakua mtoto kwa masikio. Wakarudi naye.

Digidigi alilia pale ukingoni, akacheka, akalia tena. Kisha akapiga magoti mbele ya Kifaru kumwomba radhi kwa neno lile. Kifaru akamwambia asimame, amnyonyeshe mtoto kwanza, mtoto ameganda kwa baridi.

Funzo ni hili: chombo hakijui cheo, kinajua uzito. Ukiwa mzito, kaa panapowavusha wenzako.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye matope ya ukingoni. Nyanyukeni mkalale.