Mjomba Aliyekuwa Safarini

Mjini Maua hapakuwa na asiyemjua Abdiwahab, muuza vitambaa mwenye ulimi wa asali. Kila akipata wasikilizaji, alisimulia jinsi dada yake Kaha alivyombeba mgongoni, yeye akiwa mchanga, vita vilipowatoa kwao. "Dada yangu ni mama yangu," alizoea kusema, machozi yakimlengalenga.

Kisha mapigano yakapamba moto tena Mogadishu, ambako Kaha alikuwa amerudi kuishi. Alipiga simu huku risasi zikirindima.

"Ndugu yangu, nawatuma wanangu kwako. Mimi nabaki na baba yao, hawezi kusafiri."

"Walete, dada. Nyumba ni yako."

Ahadi ni rahisi kutamka. Watoto walipofika, mvua ilikuwa ikinyesha kama bomba lililofunguliwa. Gari la kutoka Garissa liliwashusha langoni likaenda zake. Abdiwahab alichungulia dirishani, akamwona Faiza, msichana wa miaka tisa, amemshika mkono mdogo wake Isaack, nguo zimewaganda mwilini. Hofu ikamwingia. Hawana karatasi; polisi wakiuliza? Na vita vile vingekwisha lini?

"Waambie nimesafiri," alimwamuru mtumishi wake, akipaza sauti kuishinda mvua.

Walipoambiwa hivyo, wale watoto walibaki wamesimama palepale. Hatimaye alipita Kananu, mkulima wa Mikinduri aliyekuwa akitoka kuuza ndizi sokoni. Aliwainamia, akawauliza jambo, akawafunika kwa leso yake na kuondoka nao. Nyuma ya pazia, Abdiwahab alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Wiki zilipita. Siku moja Kaha alipiga simu tena, sauti yake imejaa furaha.

"Mungu akulipe, ndugu yangu! Faiza amenipigia simu, ameniambia umewaweka kwa rafiki yako shambani, wanakunywa maziwa mpaka wanasaza. Sasa napata usingizi."

Abdiwahab alitamani ardhi ipasuke immeze. Alifunga duka, akaulizia sokoni alikotoka yule muuza ndizi, akaenda Mikinduri kuuliza nyumba hadi nyumba.

Aliwakuta uani wakipukuchua mahindi pamoja na Kananu. Mama huyo alimkaribisha, akampa kigoda.

"Nyama sijawapa," alisema Kananu, kama anayeomba radhi. "Sikujua ya kwenu huchinjwa vipi. Wanakula mayai na githeri ya mahindi na maharagwe."

Abdiwahab alimgeukia Faiza. "Kwa nini ulimwambia mama yako mimi ndiye niliyewaleta hapa?"

"Angejua tumefukuzwa, angetoka kututafuta. Huko njiani wanapiga watu risasi."

"Sikuwafukuza. Nilikuwa safari..."

"Tulikusikia, mjomba," alisema Faiza taratibu. "Sauti yako ni kama ya mama. Isaack alidhani ni yeye, akafurahi."

Abdiwahab alinyoosha mkono amguse Isaack. Mtoto akajificha nyuma ya sketi ya Kananu.

"Nimekuja kuwachukua," alisema kwa shida.

"Mimi sijawafungia," Kananu alijibu. "Wakitaka, waende."

Hakuna aliyeinuka.

"Basi nitamweleza dada ukweli."

"Usimwambie!" Faiza alisihi. "Mwache alale."

Abdiwahab alirudi Maua peke yake. Hadi leo Kaha humpigia kumshukuru na kumwombea dua, naye huitikia "Amina" akiwa ameinamisha kichwa, kwa sauti ileile inayofanana na ya dada yake. Undugu ni kufaana, si kufanana.