Wa Ng'ambo Wanaandika kwa Nusu

Niko mlangoni na hadithi!
— Iingize!
Ina matope miguuni!
— Iingie hivyo hivyo!

Haya. Alikuwepo Fisi, bosi mwenye mashine mbili za kukamua miwa, moja upande huu wa mto, nyingine ng'ambo. Mashine zenyewe zilikuwa kaidi, kwichi, kwichi, kwaa! Mteja asiyejua kuzitumia hapati hata tone. Kwa hiyo kila mashine ilikuwa na kibao cha maelekezo kilichoandikwa kwa mkaa: shika hapa, zungusha hivi, mkono usiweke pale. Mvua ikifuta maandishi, anaitwa kibarua aandike upya.

Upande huu mwandishi alikuwa Pimbi, mama wa watoto wanne, mnene, mwenye maneno mengi. Nampenda sana huyu.

Mvua ikanyesha. Pimbi akaandika.

"Bi Pimbi," Fisi akasema, "leo nakupa nusu mzigo wa miwa. Wa ng'ambo wanaandika kwa nusu."

Pimbi akaguna, akapokea.

Mvua ikanyesha tena. Pimbi akaandika.

"Bi Pimbi, leo nakupa nusu ya ile nusu. Wa ng'ambo wanaandika kwa nusu ya nusu."

Siku hiyo watoto walilala na njaa, na Pimbi akalia. Kisha akajiuliza: huyo wa ng'ambo, kwa malipo hayo, anakula nini?

Akavuka mto kwa kuruka mawe, tap, tap, tap. Akamkuta Nungunungu kando ya mashine, amekonda mpaka miiba inagongana, kacha, kacha.

"Kaka, ni wewe unayeandika kwa nusu ya nusu?"

"Mimi? Bosi kaniambia ni ninyi wa ng'ambo!"

Wakatazamana. Wakaangua kicheko, Pimbi akamwegemea mwenzake, akachomwa mwiba, akacheka zaidi.

Mvua ikanyesha. Fisi akaja kwa Pimbi.

"Bosi, wape kazi wa ng'ambo. Bei yao ni nafuu."

Fisi akavuka, chubwi! chubwi!

"Bosi," Nungunungu akasema, "wape kazi wa ng'ambo. Bei yao ni nafuu."

Fisi akarudi, chubwi! chubwi!

"Wa ng'ambo, bosi."

Akavuka tena, chubwi! chubwi! Ulimi nje, manyoya yanachuruzika. Huko wateja wamejaa, wanapiga kelele.

"Kwani ni kazi gani hii?" Fisi akafoka. "Nitawaonyesha mwenyewe!"

Akaipa mashine mgongo, akawatazama wateja kwa maringo, akazungusha. Kwichi, kwichi, kwaa! Mkia ukanasa.

"Uwiii! Nungunungu! Pimbi! Inarudishwaje nyuma hii?"

Wakaja wote wawili. Wakakaa chini taratibu.

"Maelekezo ya miwa tunayajua, bosi," Pimbi akasema. "Ya mkia ni kazi nyingine."

"Labda uwaulize wa ng'ambo," Nungunungu akasema.

"Ng'ambo ipi tena? Si nyote mko hapa!"

"Kumbe unajua," Pimbi akasema. "Basi tuzungumze."

Wakazungumza. Mzigo mzima, pande zote mbili, kila mvua. Fisi akaapa mbele ya wateja, mashine ikarudishwa nyuma, mkia ukatoka bapa kama mwiko. Pimbi akaupaka udongo wa baridi, akaupuliza, maana hata bosi ana mkia mmoja tu.

Nimemaliza. Aliyecheka na alale, aliyenuna na atunge yake.

Na funzo, wanangu, lishikeni: mkipata kazi, msiulizane kamwe mnalipwa kiasi gani. Ni utovu wa adabu, tena mabosi wanaumia.