Mkeka wa Sikudhani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mliolazimishwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sasa tulieni, hii si ya kuchekea.

Hapo kale, bibi yangu hajazaliwa bado, palikuwa na kijiji, na kijijini humo bibi mmoja msuka mikeka. Jina lake Bi Mize. Chumba chake kilinukia ukindu mbichi, na vyungu vya rangi vilijaa hadi mlangoni: manjano, magome ya mkoko, tope jeusi. Watu wakimuuliza, "Nakshi hizi unazitoa wapi?" hujibu, "Kichwani mwangu hamna kitu. Natoka nje, natazama."

Siku moja akaja Makame. Bintiye Sikudhani, mtoto wa miaka saba, alikuwa amefariki kwa homa. Tangu azikwe, mama yake, Kazija, hakulia. Hakulia, hakula, hakusema. Siku ya kwanza kimya. Siku ya tatu kimya. Siku ya tisa kimya, na mbavu zimetoka.

"Bibi," akasema Makame, "mke wangu naye ananifia."

"Mtoto alikuwa akitembeaje?"

Makame akapandwa na hasira. "Nakuletea msiba, wewe unaniuliza mwendo? Si unajua alikuwa kiguru, akichechemea!"

"Najua alikuwa kiguru. Sijui alitembeaje."

Bi Mize akashika fimbo, akaenda kisimani. Wasichana waliokuwa wakimcheka Sikudhani walikuwepo, wanateka maji.

"Mlikuwa mkimwigiza. Niigizieni."

Wakaona haya. Wakatazamana. Kisha wakaanza, mmoja mmoja, mguu huu ukikanyaga, ule ukiburuzwa. Tii, buruu. Tii, buruu. Mmoja akafika katikati ya njia, akaangua kilio. Bi Mize hakuwagombeza. Alisikiliza mpaka akaridhika, akarudi kwake.

Akakaa chini kusuka. Chwa, chwa, chwa. Hatua nyekundu imenyooka, hatua nyekundu imepinda. Chwa, chwa, chwa. Jirani yake, Bi Mosi, msusi mwenzake, akachungulia.

"Lo! Shoga, umekosea! Kila hatua ya pili imekwenda upande. Fumua!"

"Sifumui."

"Watu watasema macho yako yamekwisha."

"Na waseme."

Siku ya kumi na nne ya msiba mkeka ukaisha, mdogo, wa kutosha mtoto kulala. Bi Mize akaupeleka nyumbani kwa Makame, akautandika mbele ya Kazija. Hakutoa pole. Akakaa kando yake.

Mkono wa Kazija ukapita juu ya nakshi. Tii, buruu. Tii, buruu. Ukasimama.

"Mguu wa kushoto," akasema.

Wote waliokuwamo wakashtuka.

"Mguu wa kushoto! Siku wangu! Huyu ni Siku wangu anakuja!"

Akalia, jamani. Alilia kijiji kizima kikasikia, na Makame akalia naye. Jua lilipokuwa linatua, akaomba uji.

Bi Mize naye alikufa, kama watakavyokufa wote. Nakshi yake ikabaki, ikaitwa Sikudhani. Msichana akijifunza kuisuka, akataka kupanyoosha palipopinda, huambiwa, "Acha. Hapo ndipo alipo."

Basi wajukuu zangu, aliyeondoka mkumbukeni alivyokuwa, na mguu wake ule ule. Mkimnyoosha, mmemzika mara ya pili.

Hadithi yangu naikunja hapo. Mwenye wake wa kumlilia, na alie.