Kindi Aliyekiri Kumuua Pongo

Hebu niambie, wewe uliyekaa mbele na masikio yako mawili mazima: mtu akiuawa, na mtaa mzima ukajua nani kamuua, mbona polisi peke yao ndio hawajui?

Hujui? Basi tulia. Hadithi ije?

— Ije!

Ije hata ikiwa na damu?

— Ije, tutaifuta!

Ije hata ikichechemea?

— Ije, tutaibeba!

Haya, imeshaingia. Hapo kale, tena si kale sana, wanyama walikuwa na kituo cha polisi. Mkuu wa kituo alikuwa Inspekta Fisi, tumbo mbele, kofia kisogoni. Kazi yake ilikuwa kulinda njia ya mtoni. Na aliilinda, wallahi! Ukienda kunywa maji, unamwachia kitu. Ukirudi, unamwachia kitu. Ukikosa kitu, unarudi nyumbani na kiu yako.

Siku moja Pongo, yule swala wa vichakani mwenye pembe mbili zilizojisokota, akasimama barazani akauliza, "Jamani, mto huu ulichimbwa na Fisi?"

Wanyama wote wakainamia kwato zao kama wamedondosha sindano. Kesho yake Pongo akakutwa kando ya mto. Amelala chali. Hana pumzi, hana pembe.

Mjane wake, Bi Pongo, akaenda kituoni. Ngo! Ngo! Ngo!

"Afande, nani alimuua mume wangu?"

"Mama, uchunguzi unaendelea."

Akaenda tena. Ngo! Ngo! Ngo!

"Afande, nani alimuua mume wangu?"

"Mama, gari halina mafuta."

Akaenda tena. Ngo! Ngo! Ngo!

"Afande, nani alimuua mume wangu?"

"Mama, faili limeliwa na mchwa. Pole sana. Nenda kapike."

Bi Pongo hakwenda kupika. Alikaa chini, pale pale mlangoni pa kituo. Kanga akapita, akamwona, akakaa naye. Nungunungu akapita, akakaa naye. Punda Milia akapita, akaona aibu kupita, akakaa naye. Manung'uniko yakawa mengi, yakamfikia Hakimu Tembo. Hakimu akatuma neno: "Fisi, niletee mshukiwa. Ijumaa."

Fisi akajikuna shingo, kwaru kwaru. Nani hana mjomba mkubwa? Nani hana wakili? Nani hana kazi?

Kindi!

Kindi huyu alikuwa amesoma mpaka vitabu vikamwomba msamaha. Akapewa digrii, akapanda nayo mtini, na huko juu wakakaa wawili, yeye na digrii yake, wakitazamana. Kila alikoomba kazi aliambiwa alete uzoefu, kama vile uzoefu huanguliwa kutoka kwenye mayai. Kwa majirani sifa yake ilikuwa moja tu: kusahau. Anaficha njugu asubuhi, mchana anaulizia kwa jirani aliziweka wapi.

Pu! Akavutwa mkia, akatupwa selo.

"Wewe ndiye uliyemuua Pongo," akasema Fisi.

"Mimi? Afande, nitazame vizuri. Ukiuondoa mkia, nimebaki nini?"

"Ukikataa, kucha hizi zitakuhoji. Ukikubali, Hakimu atakuhurumia."

Kindi akapiga hesabu. Manze, akikataa haioni Ijumaa. Akikubali, ananyongwa Ijumaa. Mitihani yote ya chuo aliipasua, lakini huu haukuwa na jibu popote. Akachungulia dirishani. Bi Pongo bado alikuwa mlangoni, amenyooka kama kigingi. Kindi akamtazama, akamtazama tena, kisha akauvuta mkia wake mapajani, akaanza kuuchana taratibu kama mtu asiye na haraka.

"Sawa, afande, nakiri. Nimemuua Pongo. Lakini si unajua mimi ni msahaulifu? Nikumbushe basi. Nilimuuaje?"

Fisi akacheka hi-hi-hi mpaka kofia ikadondoka. Mshukiwa mtamu namna hii hajawahi kumpata! Akavuta kiti, akaanza kumfundisha.

"Ulimvizia akinywa maji."

"Nilimvizia akinywa maji."

"Kwa nyuma."

"Kwa nyuma. Afande, wewe ungefaa kuwa lekchara."

Fisi akavimba kichwa. Akafundisha, akafundisha, mpaka mate yakamkauka. "Case closed!" akasema, akaenda kula.

Ijumaa ikafika. Uwanja ukajaa, wenye kwato huku, wenye mbawa kule. Hakimu Tembo akaketi, ardhi ikasema ndi!

"Kindi, ulimuua Pongo?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nilimkuta amelala chini ya mti..."

"Akinywa maji!" Fisi akamkatiza.

"Ah, sorry. Nimesahau. Ahsante kwa kunikumbusha, afande. Alikuwa akinywa maji. Nikamjia kwa mbele..."

"Kwa nyuma, mpumbavu wewe!"

"Nimesahau. Ahsante kwa kunikumbusha, afande. Kwa nyuma. Nikampiga kwa jiwe..."

"Jiwe gani? Ni shingoni! Kung'atwa shingoni, mara moja tu, kapu!"

"Nimesahau. Ahsante kwa kunikumbusha, afande. Nikamng'ata shingoni." Kindi akaonyesha vijino vyake viwili. Kanga akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa bawa. "Naye hakusema kitu..."

"Alisema! Alisema 'Niacheni, nina watoto!'"

Bi Pongo akainuka. Kicheko uwanjani kikakatika.

Kindi akamtazama Bi Pongo, na sasa haukuwa mchezo. Lakini akaendelea. "Kisha... kisha nikazing'oa pembe, nikazitupa mtoni."

Hapo Fisi akashindwa kabisa kujizuia. Pembe nzuri zile! Pembe zinazong'aa!

"Mtoni? Pembe za thamani vile utupe mtoni? Una akili kweli? Zimefukiwa chini ya jiwe jeupe nyuma ya kituo!"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama Fisi.

Bi Pongo akasogea mbele, hatua kwa hatua. "Afande, si uliniambia faili limeliwa na mchwa? Hayo yote umeyasoma wapi?"

Fisi akajaribu kucheka. Ikatoka hi... moja tu, nayo ikafia njiani.

Nungunungu akakimbia nyuma ya kituo. Tifu, tifu, tifu! Akarudi na pembe. Moja.

"Na ya pili?" akanguruma Hakimu Tembo.

"Ya pili niliipeleka... juu."

"Juu wapi?"

Fisi akatazama mawingu. Hakuongeza neno, na hajaongeza mpaka leo. Akavuliwa kofia, akatiwa kwenye selo ile ile aliyomfundishia Kindi.

Bi Pongo akaipokea pembe, akaiegemeza shavuni, akalia kilio alichokuwa amekizuia siku zote zile. Kisha akajifuta. "Kindi, mwanangu, umenipa nusu ya jibu."

"Na nusu nyingine, mama?"

"Hiyo tutaikalia mlangoni."

Wakaenda. Kindi mbele, Bi Pongo kando yake, na safari hii nyuma yao hawakuwa watatu. Walikuwa wengi hadi vumbi likafunika jua. Njiani wakapitia mtoni, wakanywa maji bila kumwachia mtu chochote, wakashangaa yalivyo baridi.

Hadithi yangu nimeitua hapo, mgongo umeniuma. Anayeitaka aibebe, anayeiogopa aipishe njia.

Na funzo lake, wanangu: waheshimuni polisi. Msiseme eti hawafahamu kitu. Wanafahamu mahali, wanafahamu jino, wanafahamu hadi jiwe. Na mkikamatwa, kirini haraka, mtafundishwa bure.

Na nyinyi mlioko juu, tumeshafika mlangoni. Ileteni pembe ya pili. Ileteni mchana, iwekeni mbele ya Bi Pongo, na mmwambie kwa vinywa vyenu wenyewe nani alimtuma Fisi.