Msiba wa Mzee William na Kompyuta Nane

Wahenga walituonya: usikate mbeleko kabla mwana hajazaliwa. Hawakusema mtu asijiandae. Mama mwenye busara hununua kitambaa mapema, akakikunja, akakiweka sandukuni. Walichokataza ni mkasi. Kitambaa kikishakatwa hakirudi kuwa kizima, na mwana anaweza kuja pacha. Anayeamua mwisho wa jambo akiwa bado mlangoni mwake hubaki na vipande vya nguo visivyombeba mtu yeyote.

Katika kata ya Ukata, wilayani Mbinga, kulikuwa na shule ya sekondari yenye kompyuta nane. Kompyuta hizo zilikuwa mboni ya jicho la Mwalimu Notburga, aliyefundisha hisabati. Kwa mwaka mzima alikuwa akitengeneza lugha ya programu kwa Kiswahili, ili mwanafunzi aiamuru mashine kwa maneno aliyoyanyonya kwa mama na mwalimu. Aliiita Ngolo, kwa jina la yale mashimo ambayo Wamatengo huchimba kwenye miteremko ili mvua isiwaibie udongo.

Lugha ya namna hiyo haiendi popote bila kichanganuzi. Hiki ni kipande cha programu kinachosoma sentensi ya mwanafunzi na kutambua imejengwaje, ndipo igeuzwe kuwa amri za mashine. Kichanganuzi cha Notburga kilikuwa na pupa kama jogoo aliyeona punje. Kilisoma neno la kwanza tu, kikaamua papo hapo sentensi nzima ni ya aina gani, kisha kikayasukuma maneno yaliyobaki humo kama mguu wa mtu mzima kwenye kiatu cha mtoto. Mwanafunzi akiandika "weka debe 3 ghalani", mambo yalikuwa shwari. Akiandika "weka debe 3 ghalani mara 5", kichanganuzi kilikuwa kimeshajitangazia kwamba habari imeishia ghalani. Kikilikuta neno "mara", kilitapika makosa kioo kizima. Notburga aliziba kila tundu kwa kiraka, na kila kiraka kilizaa matundu mawili.

"Mwalimu," mkuu wa shule, Mwalimu Nicholaus, alimtania siku moja, "hiki chombo chako kikisikia 'hodi' kinabandika chai, kabla hakijajua kama aliyebisha ni mgeni au mgambo."

"Kitajifunza, mkuu."

"Kijifunze kabla ya Alhamisi. Afisa elimu, Bi Emerensiana, anakuja kutoka wilayani. Shule ambayo kompyuta zake hazifanyi kazi ya maana, zinabebwa kwenda kwingine. Na wewe ndiye umetundika bango pale mlangoni: Ngolo, Lugha Iliyokamilika. Imekamilikia wapi, mwalimu?"

Notburga alicheka. Jioni ile alilishusha bango, akalikunja. Jumamosi asubuhi akachukua daftari lake, akaenda nyumbani kwao Mkumbi akatulize kichwa.

Alimkuta mama yake, Gaudiosa, akigeuza kahawa kwenye kichanja. Hakuwa hata amemaliza kunywa uji alipoingia mgeni mwenye tenga kichwani na vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa Hamphrey, mtu wa ziwani Liuli, shemeji yake Ottilia. Ottilia, dada mkubwa wa Notburga, aliolewa huko, na baba mkwe wake ni Mzee William, ambaye Hamphrey ni mwanawe wa mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti. Za ziwani?"

"Nzuri, mama." Hamphrey akavua kofia, akaipakata magotini. Akapewa maji, akanywa kikombe kizima bila kupumua. Akafuta uso. Akatazama chini. "Nimetumwa."

Gaudiosa akashika kifua. Mambo ya ukweni hayasemwi kwa simu wala hayasemwi upesi. Lakini mjumbe wa msiba naye huanza hivyohivyo: kofia magotini, maji, macho chini, kisha neno hilo.

"Umetumwa na nani, baba?"

"Na ukoo. Ni habari za mzee wetu, Mzee William..." Hapo vumbi la njia nzima likamkaba, akakohoa, machozi yakamtoka.

"Uwiii!" Gaudiosa akajitupa chini. "Mkwe wangu! Mzee William ametuacha!"

Kilio cha Umatengoni hakihitaji kipaza sauti. Mlima mmoja huupelekea mwingine. Kabla Hamphrey hajamaliza kukohoa, jirani Tadea alikuwa ameshaingia na bakuli la unga, na Rosina nyuma yake, kanga kiunoni, sauti juu kuliko ya mfiwa.

"Alikuwa mtu wa watu! Alinipa samaki mwaka juzi!"

"Rosina, wewe ulimwona wapi?" Tadea akamnong'oneza.

"Sikumwona! Lakini alinipa!"

"Mama," Hamphrey akajaribu, "naomba nimalizie..."

"Usijikaze, baba! Lia tu!"

"Mama, nilikuwa nasema kwamba mzee..."

"Tunajua, mwanangu, tunajua!" Wanawake sita wakamkumbatia kwa zamu. Hamphrey aliwatazama wote wakibubujikwa na machozi. Akajiuliza kama baba yake hakufa kweli baada ya yeye kuondoka. Akaanza kulia.

Notburga, kwa kuwa hesabu zilimzoeza kudai ushahidi, alitoka nje akampigia dada yake. Simu ikapokelewa na sauti nzito ya kiume.

"Haloo! Ottilia yuko kisimani. Kuna kelele gani huko? Msiba?"

"Ndiyo... shikamoo, baba."

"Marahaba. Poleni sana. Wa nani huo? Nianze safari?"

Notburga akasogea mbali na kilio. "Usije, baba. Msiba ni wako."

Akaiweka simu kwenye sauti kubwa, akaingia nayo ndani. Mzee William akawasalimia waombolezaji wake mmoja mmoja. Rosina akalegeza kanga kiunoni polepole kama asiyetaka kuonekana. Kuku wa uani wakaanza kusikika.

"Hamphrey!" Gaudiosa akafoka, akifuta uso. "Haya, mzee anataka nini?"

"Anaomba mbegu ya maharage, mama. Debe mbili. Na hili tenga la usipa, dagaa wa kwetu ziwani, ndiyo salamu zake."

"Na kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nafika, mama."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko kilio. Gaudiosa, kwa kuona haya, akaamuru usipa wagawiwe wote waliokuja kumlilia mtu aliye hai. Hamphrey akachuchumaa mbele ya ungo na kuanza kugawa.

Notburga alikuwa bado anacheka alipoitazama mikono ya shemeji yule, na kicheko kikamkauka mdomoni. Hamphrey hakuanza kwa kutangaza kwamba hiki kitakuwa cha nani. Alichota konzi ya usipa, akaiweka ungoni. Akaongeza ya pili, kisha ya tatu. Konzi tatu zilipotimia alizikusanya kwa kiganja kimoja, akasema, "Fungu." Tangu hapo hazikuwa tena konzi, lilikuwa fungu moja. Akaanza jingine pembeni yake. Mafungu mawili yalipokaa pamoja aliyafunga kwenye jani la mgomba, akasema, "Nyumba ya mama Tadea." Na kila mara, kabla ya kufunga, alichungulia tenga aone kinachofuata. Akiona wamebaki wachache wasiotosha fungu jingine, hakufunga kwanza. Aliwaongeza kwenye lile lililo mkononi.

"Shemeji," Notburga akamuuliza, "unajuaje mwanzoni kwamba hili litakuwa la nani?"

"Sijui. Nitajuaje, na samaki bado wamo tengani?"

Binti akamgeukia mama yake. "Mama, ulisikia neno moja ukachagua msiba. Maneno yote yaliyofuata ukayasukumia msibani."

"Na wewe unanicheka?"

"Sikucheki. Mashine yangu inafanya hivyohivyo. Na niliyeifundisha ni mimi."

Alirudi Ukata Jumapili baada ya misa. Alichana kurasa zote za viraka, na hilo lilimuuma kama kung'oa jino, maana zilikuwa kazi ya miezi minne. Kisha akajenga kichanganuzi kipya kuanzia chini kwenda juu, kama mikono ya Hamphrey. Hiki hakikukisia chochote. Kilichukua kipande cha sentensi, kikakiweka juu ya rundo. Kikachukua kingine. Vipande vya juu ya rundo vikilingana na kanuni mojawapo ya lugha, na kipande kinachofuata kikikubali, kilivifunga vyote kuwa kitu kimoja chenye jina lake, kikaendelea. Kama havijatimia, kilisubiri. Sentensi ilitambuliwa kuwa sentensi pale tu rundo zima lilipobaki kitu kimoja na hakuna neno lililosalia. Jumatano mchana wanafunzi wake walikuwa wamekijaribu kwa sentensi mia mbili na kitu. Kilikataa tatu, na zote tatu zilistahili kukataliwa.

Alhamisi Bi Emerensiana alifika, mwanamke mrefu asiyetabasamu bure. Alikataa mifano iliyoandaliwa. Akavuta kiti, akaandika ya kwake:

weka debe 3 + 4 * 2 ghalani mara 5

"Nyota ni kuzidisha," alisema. "Tuone."

Notburga aliwasha dirisha la pembeni linaloonyesha rundo, kila hatua kwa mwendo wa pole. "Weka" ikaingia. "Debe" ikaingia. Tatu, alama ya kujumlisha, nne.

"Kifunge sasa, tatu na nne ni saba!" Mwalimu Nicholaus akanong'ona, jasho likimtiririka.

"Bado, mkuu. Tazama kinachofuata."

Kilichofuata kilikuwa nyota. Kichanganuzi hakikuzifunga tatu na nne. Kilisubiri mbili ifike, kikafunga nne na mbili kuwa nane, ndipo kikairudia tatu: kumi na moja. "Ghalani" ikaingia, na hapa ndipo kile cha zamani kilipokuwa kikijitangazia ushindi. Kipya kilitazama mbele, kikaiona "mara", kikanyamaza. "Mara" ikaingia, tano ikaingia. Rundo likajikunja, likajikunja tena, likabaki kitu kimoja. Kioo kikaandika: debe 55.

Bi Emerensiana akalinganisha na karatasi yake. Akasimama, akakizunguka chumba mara moja, mikono nyuma. Wanafunzi wakamfuata kwa macho.

"Nimeona mengi katika shule zetu," alisema. "Lakini nasema wazi, mkuu wa shule. Kompyuta hizi nane haziwezi kubaki..."

Akasita, akitafuta miwani yake mkobani. Uso wa Mwalimu Nicholaus ukabadilika rangi. Akainama, akachomoa waya wa kwanza ukutani, akaanza kuukunja. Wa pili. Mwanafunzi mmoja wa kike akaanza kwikwi.

Notburga peke yake hakutikisika. Alisimama wima, mikono mezani, akimtazama afisa mdomoni. Alikuwa ameshaona wiki ile mtu akizikwa akiwa hai kwa sentensi ambayo haijaisha.

Bi Emerensiana akavaa miwani, akanyoosha kidole juu, palipokuwa na alama ya maji kwenye dari.

"...katika chumba kinachovuja namna hii. Wazazi wabadilishe bati kabla ya masika. Nikirudi Machi nikute pakavu, nami nitakuja na walimu wa shule nyingine waje kujifunza Ngolo hapahapa." Kisha akamtazama mkuu wa shule aliyekuwa amepiga magoti, waya nne shingoni kama mkufu. "Mwalimu Nicholaus, unafanya nini huko chini?"

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko, na aliyekuwa na kwikwi alicheka kuliko wote. Mkuu wa shule, muungwana alivyo, alicheka pia, akazirudisha waya moja moja ukutani kwa mikono yake mwenyewe. Naam, usikate mbeleko kabla mwana hajazaliwa.